Macho ya Mama Mmoja

Mtaa wa Injili, Ziwa Natron
14 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Anande,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo, mama Violet? Shemeji hajambo? Binti yetu Violet anaendeleaje na chuo? Natumaini barua hii itawakuta mmekaa mezani, wazima wote. Sisi huku neema ya Mungu inatutosha. Wifi yako Magreth aliugua malaria wiki ya Krismasi lakini sasa anachota maji mwenyewe na kunigombeza kama kawaida, ndiyo najua amepona. Mbuzi wetu alizaa, fisi akamchukua mtoto, kwa hiyo tumerudi pale pale tulipokuwa.

Usinilaumu habari ya simu. Mtandao wa huku uko kilimani, na ukishapanda unazungumza katikati ya watu wanaosubiri zamu yao, wote masikio yamesimama. Mambo mengine si ya kilimani. Afadhali karatasi, gari la jimbo la kanisa likipita linachukua.

Jambo langu ni jua. Wewe umezoea jua la Sombetini lenye vumbi jekundu. La huku linapiga chini kwenye magadi na vumbi jeupe, halafu linarudi juu, ziwa lenyewe linawaka kama bati jipya. Nikiwa kwenye pikipiki ya kanisa mwanga unanijaa usoni mpaka njia inapotea. Nilinunua miwani ya jua Mto wa Mbu, ile rahisi inayotundikwa kwenye kadibodi, ikazidisha matatizo. Madereva wa watalii wana miwani inayokata mng'ao, wanaiita polaraizi. Naomba unitafutie hiyo mjini. Ikiwezekana iwe na nguvu ya kusomea humo humo, maana herufi za Biblia zimekuwa ndogo. Iwe nzuri, ila bei isiwe ya mtalii. Posho ya mwinjilisti unaijua.

Na ibaki kwetu wawili. Mwinjilisti wa umri wangu akiagiza miwani ya jua watasema amerudiwa na ujana.

Nijibu.

Kaka yako,
Elihuruma

*

Sombetini, Arusha
2 Februari 2024

Kaka Elihuruma,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe sana. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa siku hizi unaandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Pole kwa wifi, mwambie namwombea. Sisi hatujambo. Baba Violet bado ana kile kifua chake. Violet amerudi chuoni, ameniachia maagizo mengi kama vile mimi ndiye mtoto. Cherehani inanisubiri, nina majoho ya kwaya ya usharika wa Elerai hapa, yamenifunika mpaka shingoni. Juzi nilipita Maji ya Chai, nikang'oa magugu kwenye kaburi la mama. Migomba ya nyumbani imekauka nusu.

Sasa sikiliza habari ya miwani yako, maana nimetembea.

Nilianzia kwa vijana wanaouza barabarani karibu na Soko Kuu. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, hii orijino, inatoka Italia." Nikamwuliza, inakata mng'ao? Akasema, "Mama, inakata kila kitu." Mimi nilikuwa nimefundishwa na dereva mmoja wa watalii ninayemshonea suruali. Aliniambia nibebe kalkuleta. Unatazama namba za kalkuleta kupitia kioo cha miwani, halafu unaizungusha miwani polepole. Ikiwa ni polaraizi ya kweli, kuna mahali namba zinazama gizani hazionekani. Ikiwa ni ya uongo, utazungusha mpaka kesho namba zinakutazama tu. Basi nikazungusha ya Italia. Namba zikabaki zinanitazama. Yule kijana akasema, "Mama, umekuja kununua miwani au kupiga hesabu ya vikoba?" Wenzake wakacheka mpaka nami nikacheka.

Nikaenda duka la miwani la mama mmoja wa Kihindi, Pramila, lilikuwa la baba yake mzee Manubhai. Amezaliwa hapa hapa Arusha, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Huyo alinikalisha akanieleza vizuri. Kumbe weusi wa kioo si dawa. Kioo kikiwa cheusi tu bila kinga, mboni inafunguka kama mtu aliye gizani, halafu ile miale mibaya ya jua inaingia bila kubisha hodi. Ndiyo maana ya Mto wa Mbu ilikuzidishia. Yeye ana kimashine, anaweka kioo juu ya taa ya zambarau, kinaonyesha kama miale inapita au haipiti. Halafu akanipa polaraizi nivae nitazame gari lililoegeshwa nje. Kaka, kioo cha gari kilichokuwa kinawaka kikazimika, nikamwona dereva amelala mdomo wazi.

Bei ya kwanza ilikuwa ya kunitoa roho. Akaniambia, "Mama, hapa unalipia jina lililoandikwa pembeni." Akatoa nyingine, kioo ni cha ubora ule ule, fremu haina jina. Nikamwomba apunguze, akakubali elfu themanini. Nimeona ni haki. Ya kadibodi ungenunua kila mwezi.

Tatizo ni nguvu ya kusomea. Aliniuliza, "Macho ya mwenye miwani yako wapi?" Nikamwambia yako Natron. Akasema, "Basi yalete." Kioo cha nguvu hakitengenezwi bila kupima. Kwa hiyo njoo, kaka, siku moja tu.

Wakati natoka niligonga kioo chao cha kujitazamia kwa bega, kikaanguka, bahati hakikuvunjika. Duka lenyewe dogo.

Jibu upesi nimwambie akuwekee.

Mdogo wako,
Anande

*

Mtaa wa Injili, Ziwa Natron
27 Februari 2024

Mpendwa Anande,

Salamu katika jina la Bwana. Tunaendelea vyema. Magreth anasema asante kwa salamu na anauliza kama kitenge chake kimeshonwa au kimeshakuwa cha wateja. Pole kwa kifua cha shemeji. Umefanya vema kupita kaburini.

Nimecheka habari ya Italia. Nimeisoma mara mbili.

Kuja siwezi. Nina darasa la kipaimara, watoto wanatoka maboma ya mbali, nikikosa wiki moja wanarudi machungani, kuwakusanya tena ni kazi. Na Kwaresima ndiyo hii. Lakini tatizo lako ni dogo. Kapime wewe. Hukumbuki baba alivyokuwa akitupeleka kwa fundi pale Maji ya Chai? Alikuwa anapimwa mmoja, sare zinashonwa za wawili, na zote zilitukaa. Miwani ya mama tulikuwa tunavaa kwa zamu kusoma kitabu cha nyimbo, wewe ubeti wa kwanza, mimi wa pili. Macho yetu ni ya mama mmoja. Kaa kwenye kiti, wakupime, mwambie huyo mama Pramila afanye ya hivyo hivyo.

Nisamehe mistari inapanda na kushuka, naandikia kwenye goti.

Nijibu mapema, jua halipumziki.

Elihuruma

*

Sombetini, Arusha
19 Machi 2024

Kaka Elihuruma,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi ni wazima. Kitenge kimeshonwa, kiko ndani ya mfuko huu pamoja na miwani. Baba Violet anakohoa usiku lakini mchana anaenda kazini. Mvua zimeanza kunyesha, mlima haujaonekana wiki nzima.

Nilifanya ulivyosema. Nikamwambia Pramila nimekuja kupimwa kwa niaba ya kaka yangu. Alicheka akashika kaunta. "Mama Violet, hii siyo suruali!" Akamwita msaidizi wake aje asikie. Nikamweleza habari ya fundi na sare, wakacheka upya. Mwishowe akasema, "Kwa kuwa umeshafika, kaa, tukupime wewe mwenyewe. Ya kaka ni ya kaka."

Nikaweka kidevu kwenye mashine. Kuna moja inapuliza hewa jichoni, pu, unashtuka kama umepigwa kofi na mtoto. Akapuliza moja, akapuliza la pili. Akarudia. Akarudia tena. Sijui, labda mashine yao ilikuwa na tatizo. Halafu akaniuliza mama yetu alikufa akiwa anaona? Nikamwambia hapana, moshi wa jikoni ulimharibu macho, tangu sisi wadogo alikuwa anapapasa. Akaandika kitu.

Basi. Nimekutumia miwani ya jua tupu, haina nguvu. Ni nzuri, nimeijaribu kwa kalkuleta mbele yake na kwenye beseni la maji hapa nyumbani. Bila miwani naona mbingu juu ya maji, nikivaa naona mchanga wa chini. Pramila amenisisitiza jambo moja, nami nakusisitiza: ni ya mchana. Jua likianza kushuka, vua. Usiendeshe nayo jioni.

Ya kusomea sikufanya, wala sitafanya. Njoo mwenyewe upimwe. Usiniulize kwa nini, kaka, njoo tu. Na nijibu maneno haya kwa ukweli. Unajigonga kwenye fremu za milango? Ukimimina chai inaingia kikombeni, au inapita kando kama ya mama? Mtu akija kwa pembeni unashtuka?

Mimi sijambo. Nina dawa kidogo ya matone ya macho, ni kwa sababu ya vumbi la huku.

Naomba ujibu upesi. Nimesema upesi.

Anande

*

Mtaa wa Injili, Ziwa Natron
30 Aprili 2024

Mpendwa Anande,

Bwana amefufuka. Natumaini mmesherehekea Pasaka kwa furaha na kifua cha shemeji kimetulia. Pole na vumbi. Ila Machi ulisema ni mvua.

Miwani imefika, Mungu akubariki mikono. Nilienda mpaka ukingoni mwa ziwa kuijaribu. Pale ambapo siku zote ni moto mtupu, nikaona maji, na chini ya maji nikaona mawe, kila jiwe na umbo lake. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa sauti, wachungaji wa mbuzi wakanitazama.

Watu wa huku wamepata la kusema. Vijana wananiita mwanamuziki. Bibi mmoja wa kwaya aliniambia, "Mwinjilisti, ukivaa hiyo sisi hatujui unamwombea nani." Siivui. Hata ndani ya kanisa navaa, nawaambia vumbi limeniumiza. Siku ya Pasaka nilisoma somo lote la kaburi tupu bila kuinamia kitabu, neno kwa neno. Mzee wa kanisa akasema Roho ameshuka.

Pikipiki iliteleza kidogo kwenye mchanga Jumatatu, kioo cha pembeni kikavunjika, basi. Mimi sikuumia.

Maswali yako ya chai nimeyasoma. Hapa nyumbani anayemimina chai ni Magreth.

Salimia wote. Kuja nitakuja, kazi ikipungua. Usiache kuandika.

Elihuruma

*

Sombetini, Arusha
16 Juni 2024

Kaka Elihuruma,

Shikamoo. Sijui kama u mzima. Nilikuandikia mwezi wa tano hukujibu. Nikampa dereva wa jimbo salamu za mdomo, akarudi akasema, "Mwinjilisti anasema asante." Asante ya nini, sijui. Wifi hajambo? Sisi tupo. Violet amekuja likizo, ndiye anayenisomea risiti na kunitungia uzi, ananifanya mgonjwa.

Nitakuambia sasa, maana kunyamaza kwangu hakukusaidii wewe wala mimi.

Ile mashine ya Pramila haikuwa na tatizo. Mwenye tatizo ni mimi. Alinipa karatasi niende hospitali kwa daktari wa macho, nikakaa nayo kwenye Biblia mpaka Pasaka ikapita, ndipo nikaenda. Wameniwekea kichwa ndani ya bakuli jeupe, wakanipa kitufe. Ukiona nukta ya taa unabonyeza. Nikabonyeza weee, nikajiona hodari, nikamwambia nesi, "Mbona mnawasha kidogo hivi?" Akasema, "Mama, zinawaka nyingi. Hizo nyingine huzioni." Upande wa kushoto wote, kaka. Nimekuwa nikitembea Arusha nzima bila upande wa kushoto, na sikujua. Ndiyo maana niliangusha kile kioo dukani. Ndiyo maana nashona mshono wa kushoto unapinda, nikawa nalaumu cherehani.

Inaitwa presha ya macho. Haiumi. Inakula kutoka pembeni kuja katikati, polepole, kama panya anavyokula gunia kutoka chini, wewe juu unaona limejaa. Kilicholiwa hakirudi. Dawa ni matone kila siku mpaka kufa, ili kilichobaki kibaki. Nilimdanganya kila mtu kwamba ni vumbi.

Na ni ugonjwa wa damu moja. Daktari aliponiuliza habari za mama nikamwambia moshi. Akasema, "Moshi hauui jicho kimya kimya namna hiyo." Kaka, baba alibomoa jiko kwa ajili ya ule moshi. Alijenga jingine nje, mama akawa anapikia mvua ikimnyeshea, na bado akapofuka. Tuliulaumu moshi miaka yote. Tulimcheka alipomwaga chai. Tulimcheka, Elihuruma.

Wakasema watoto wote wa mama wapimwe. Tumebaki wawili. Mmoja ameshapimwa, na ni kwa sababu ya ule ujinga wetu wa sare. Ungekuja mwenyewe siku ile, mimi nisingekaa kwenye kile kiti.

Daktari alisema neno jingine, nalo limeninyima raha. Alisema mwanga ukianza kumsumbua mtu kupita kiasi, inaweza kuwa jicho lenyewe linaumwa, si jua lililozidi. Mimi nikakutafutia miwani. Nilizunguka na kalkuleta kutafuta kioo kizuri cha kukufichia ugonjwa. Vua, uje.

Kama hutaki kusema lolote, andika mstari mmoja tu, unaona au huoni. Jibu kwa gari litakaloleta barua hii.

Mdogo wako,
Anande

*

Mtaa wa Injili, Ziwa Natron
25 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Pole. Pole tena. Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikakaa. Nimekuwa nikikuombea kila alfajiri. Mwambie Violet mjomba anamshukuru.

Unaniuliza naona au sioni. Jicho la kulia halioni. Si kwamba linaona kidogo, halioni. Nililigundua mwaka jana kabla ya Pasaka. Nilikuwa nimesimama madhabahuni naomba, mdudu akaniingia jicho la kushoto nikalifumba, na msalaba ukatoweka, na watu wote wakatoweka. Nilimalizia sala nimefumba yote mawili. La kushoto ninaona katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ndilo ninalokuandikia nalo.

Nilijua ni la mama. Nisikudanganye, nilijua kabla ya daktari wako. Ndiyo maana nilikuambia upimwe wewe. Nilikuwa na haja ya miwani, sikuwa na haja ya mtu kuniangalia ndani ya jicho. Wangeniambia niache, Anande. Nyumba hii ni ya kanisa, pikipiki ni ya kanisa, mimi mwenyewe ni wa kanisa. Nikiacha ninarudi wapi, kwenye migomba iliyokauka?

Masomo ya Jumapili ananisomea Magreth mchana, nilimwambia napenda sauti yake. Nayashika kichwani. Ndiye huyo Roho aliyeshuka.

Sasa nakuambia lililonifanya nizidi kunyamaza. Mwezi wa saba, Jumamosi, tulitoka bomani kwenye maombezi, Magreth nyuma yangu. Jua lilikuwa limeshuka. Nilikuwa nimevaa miwani. Uliniambia nivue, nalikumbuka neno lako, lakini watu walitoka kutusindikiza, nami jicho la kulia siku hizi linatanga upande wake lenyewe, sikutaka walione. Nikasema nitavua mbele. Korongo lilikuwa kulia. Magreth alipiga kelele, "Baba, kulia!" Sikuwa na kulia.

Yeye ndiye aliyekwenda chini ya pikipiki. Paja limevunjika. Alikaa zahanati, wakamhamisha, wakamfunga mguu, sasa anatembea kwa magongo ndani ya nyumba. Maji anachotewa na wasichana wa kwaya. Nimewaambia watu wote kwamba punda alikatiza. Hakukuwa na punda. Magreth amewasikia wakimlaani yule punda, akaniangalia, hajasema neno mpaka leo. Sijui kama anajua. Nafikiri anajua.

Miwani yako haina kosa. Kioo hakina hata mkwaruzo.

Nitakuja kupimwa, nakuahidi mbele za Mungu, lakini baada ya kipaimara. Ni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Hawa watoto nimewafundisha mwaka mzima, niache niwafikishe madhabahuni. Mpaka hapo naendesha polepole, mchana tu. Wanne kati yao wanakaa mbali, huwa nawabeba wawili wawili.

Usimwambie mtu yeyote. Nakuomba kwa jina la mama.

Kaka yako,
Elihuruma

*

Sombetini, Arusha
3 Septemba 2024

Kaka Elihuruma,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Pole wewe, na wifi yangu pole, pole mara nyingi, nimemtumia kanga mbili na mafuta ya kuchua. Baba Violet hajambo leo. Violet ndiye amenishikia taa ninapoandika, nimemwambia asisome, lakini anasoma.

Anayekupa barua hii ni Melkizedeki, dereva wa jimbo. Mpe kiti na chai. Ukimaliza kusoma, mpe funguo za pikipiki.

Nimesema, kaka. Nilisoma barua yako mpaka pale pa watoto wawili wawili, nikaiweka chini, nikavaa viatu. Nilikwenda jimboni kwa mchungaji wako nikamwambia yote, jicho, korongo, na kwamba hakukuwa na punda. Uliniomba kwa jina la mama. Nilimfikiria mama njia nzima. Nilifikiri habari za mtoto wa mtu amekaa nyuma yako anakushika kiuno, anaimba, na korongo liko kulia.

Unaweza usinisamehe. Nimeshaliangalia hilo pia.

Mchungaji hakukasirika. Alisema atamtuma mwinjilisti mwingine, Gidion, awafikishe watoto kipaimara, na kwamba siku hiyo wewe utakuwepo kanisani, umekaa. Habari ya nyumba na posho hakuniahidi kitu. Mimi nami sikuahidi kitu. Nikikuambia mambo yatakuwa mazuri nitakuwa nakuletea ya Italia. Jicho la kulia limekwenda, hilo halirudi. La kushoto lina kibomba kilichobaki, na kila wiki unayongoja panya anakula. Daktari amekupangia Alhamisi. Safari hii hapimwi mmoja kwa wawili. Nitakushika mkono mpaka mlangoni, utaingia mwenyewe.

Wifi akae kiti cha nyuma anyooshe mguu, Melkizedeki ameweka godoro. Mwambie ukweli wa punda kabla hamjapanda gari. Nafikiri anangoja umwambie wewe.

Wewe ukae mbele. Mkikaribia Arusha mlima utakuwa kushoto kwako, upande wa jicho lililobaki. Wiki hii mawingu yamefunguka, unaonekana mpaka kileleni. Miwani vaa, ni mchana. Utazame vizuri.

Ukikataa kuja, funguo mpe hivyo hivyo, na uniandikie. Andika kwa mkono wako, herufi ziwe kubwa utakavyo, mistari ipandane. Nitaisoma, mimi bado nasoma. Melkizedeki atangoja chai iishe tu. Tafadhali jibu upesi.

Mdogo wako,
Anande